Kebo Ndefu ya HDMI kwa Projekta: Kuichagua, Kuipitisha na Kuijaribu Kabla Haijafichwa

Kebo ya HDMI ya mita 2 haimsumbui mtu. Unachomeka, picha inatoka, basi. Kazi huanza pale projekta inapofungwa darini nyuma ya viti huku vifaa vikibaki mbele, chini ya skrini. Hapo kebo inafika mita 10, 12 au 15, na katika urefu huo kebo nyingi zinazojisifu kwenye boksi huanza kuumbuka. Tena kebo hiyo hupitishwa ukutani au juu ya dari, kwa hiyo kasoro inajitokeza wakati rangi imeshakauka na fundi ameshaondoka.

Kabla ya kununua chochote, kubali jambo moja: kinachojengwa kikadumu ni bomba la kupitishia, si kebo. HDMI 1.4 ya mwaka 2009 ilibeba gigabiti 10.2 kwa sekunde, 2.0 ya mwaka 2013 ikafika 18, na 2.1 ya mwaka 2017 ikafika 48. Aliyezika kebo kwenye plasta mwaka 2010 bila bomba amebaki na kebo ya mwaka 2010. Mengi yanayofuata hapa yanatokana na hilo.

1. Jua mzigo kabla ya urefu

Kebo ya mita 12 inayopitisha Full HD bila wasiwasi inaweza kushindwa kabisa na 4K. Mizigo ya kawaida ni hii:

- Full HD, picha 60 kwa sekunde: karibu gigabiti 4.5 kwa sekunde.
- 4K, picha 24 kwa sekunde, ambayo ndiyo kasi ya filamu nyingi: karibu gigabiti 8.9. Ikiwa ni HDR (picha yenye tofauti kubwa zaidi ya mwanga na giza) ya biti 10 yenye rangi kamili, 11.1.
- 4K, picha 60 kwa sekunde, rangi kamili ya biti 8: karibu 17.8.
- 4K, picha 120 kwa sekunde, biti 10, kwa wapenzi wa gemu: karibu 40.

Soma maelezo ya projekta yako uone milango yake ya HDMI inapokea nini. Projekta ya Full HD haihitaji kebo ya gigabiti 48, wala kebo hiyo haitaifanya picha iwe safi zaidi. Biti zikifika zote, zimefika. Hakuna kebo inayoongeza rangi.

Lakini usipange kwa kuangalia filamu peke yake. Visanduku vingi vya kutazamia filamu za mtandaoni hutoa menyu yake kwa picha 60 kwa sekunde, hata kama filamu yenyewe ni ya 24. Ndiyo sababu kebo iliyokuwa ikicheza diski za 4K vizuri huweza kutoa skrini nyeusi siku unapochomeka kisanduku: diski ilikuwa inaitwisha gigabiti 9, kisanduku kimekuja na 18. Kwa projekta yoyote ya 4K, lenga 18. Lenga 48 iwapo projekta na mashine ya gemu zote zinafikia picha 120 kwa 4K.

2. Pima njia, usipime chumba

Chumba cha mita 5 hakiwezi kutumia kebo ya mita 5. Chukua uzi, upitishe njia yote ambayo kebo itapita, kona kwa kona, kisha upime uzi. Mfano: kutoka kabati la vifaa kupanda ukuta mita 2.2, kuvuka juu ya dari mita 4.5, kusogea pembeni hadi katikati ya chumba mita 1.5, kushuka kwenye nguzo ya projekta mita 0.4. Jumla ni mita 8.6. Ongeza mita 1.5 nyuma ya kabati ili uweze kulivuta mbele bila kuchomoa kila kitu, na nusu mita kwenye projekta. Sasa ni mita 10.6. Kebo ya mita 10 haitoshi, chukua ya 12.

Ziada ya mita moja na nusu hivi ni sawa. Ziada ya mita 8 si sawa kwenye kebo ya shaba, kwa sababu kila mita inadhoofisha ishara, iwe imenyooshwa au imezungushwa nyuma ya kabati. Kwenye faiba, yaani kebo inayobeba ishara kwa mwanga, urefu hauna athari ya maana, ila rundo la kebo lililobanwa mahali padogo huvunja nyuzi.

3. Chagua aina ya kebo

*Shaba ya kawaida.* Hii haina chipu wala upande maalumu. Kwa gigabiti 48 usivuke mita 5, na hata hapo nunua yenye lebo ya "Ultra High Speed" yenye msimbo wa kuskani kwa simu. Kwa gigabiti 18 mwisho wake wa kutegemewa ni mita 7 hivi, na lebo yake ni "Premium High Speed", nayo ina msimbo. Maandishi kama "4K", "8K" au "2.1" yaliyochapwa kwenye boksi bila lebo hiyo hayathibitishi kitu. Kwa Full HD, kebo nene ya geji 24 hufika mita 15. Kumbuka kwamba geji ndogo kwa namba ndiyo nene kwa waya: 24 ni nene kuliko 28. Unene huo una gharama yake, kwani kebo inakuwa ngumu kupinda na nzito kiasi cha kuning'inia kwenye mlango wa projekta na kuulegeza.

*Shaba yenye chipu.* Kichwa cha upande wa projekta kina chipu inayonyoosha ishara iliyochoka. Kwa gigabiti 18 husaidia kufika mita 10 hadi 15. Ina upande: kichwa kimoja ni cha kifaa, kingine ni cha projekta, na ukigeuza hutapata picha. Chipu inakula umeme wa volti 5 unaotoka kwenye kifaa kupitia kebo yenyewe, na kanuni za HDMI zinakilazimu kifaa kutoa miliampea 55 tu. Vifaa vinavyotoa kiwango hicho kwa kubania ndivyo vinavyoleta tatizo la picha kupotea bila mpangilio.

*Faiba.* Kwa njia inayozidi mita 10 na mzigo wa 18 au zaidi, hili ndilo chaguo letu, na hatuoni sababu ya kuzunguka. Ndani mna nyuzi nne za mwanga zinazobeba picha na sauti, pamoja na nyaya nyembamba za shaba kwa ajili ya mawasiliano madogo ya vifaa na umeme wa chipu. Ni nyembamba, nyepesi, na nyuzi zake hazisumbuliwi na nyaya za umeme za jirani. Nayo ina upande: soma maandishi "Source" (kifaa) na "Display" (projekta) kwenye vichwa. Udhaifu wake ni mmoja lakini mkubwa: uzi ukivunjika ndani hakuna fundi wa kuuunga. Kebo nzima inatupwa.

Faiba zenye vichwa vinavyotenganishwa zinafaa sana kwa mabomba membamba. Kinachopita kwenye bomba ni kichwa kidogo, kisha kichwa cha HDMI cha kawaida kinachomekwa baada ya kebo kutokea upande wa pili.

*Kebo ya mtandao na visanduku viwili.* Kisanduku kimoja kinageuza HDMI, kingine kinairudisha. Mfumo wa HDBaseT hufika mita 100, na toleo lake la 3.0 linapitisha gigabiti 18 bila kubana picha. Matoleo ya zamani huishia karibu 10, na mengine huibana picha ili ipite. Hapa kosa linalotokea sana ni kutumia kebo ya alumini iliyopakwa shaba. Dai shaba tupu, waya mmoja mzima usiosukwa, Cat6 au, vizuri zaidi, Cat6A yenye ngao. Iende moja kwa moja kutoka kisanduku hadi kisanduku. Usiipitishe kwenye swichi ya mtandao: plagi zinafanana, lakini kinachopita ndani si intaneti.

Kwa chumba kimoja cha kawaida, faiba ni rahisi kuliko visanduku hivi. Visanduku vina maana pale vifaa vinapokaa chumba kingine au ghorofa nyingine.

4. Andaa bomba

Kichwa cha HDMI kina upana wa karibu milimita 20, na kwa kebo zenye chipu huzidi. Bomba la milimita 20 halikipitishi. La 25 linakipitisha kwa shida likiwa limenyooka, kisha linakikwamisha kwenye kona, kwa sababu kichwa ni kigumu na kina urefu wa sentimita 4 au 5. Weka bomba la milimita 32 kama ni kebo moja, 40 au 50 kama zitapita mbili tatu. Kebo zote kwa pamoja zisijaze zaidi ya asilimia 40 ya nafasi ya ndani.

Kona ziwe za duara pana. Kiungio cha pembe mraba kinachotumika kwenye maji hakifai hapa hata kidogo. Kati ya sehemu moja ya kuvutia na nyingine pasizidi kona mbili za nyuzi 90. Zikizidi, weka boksi la kufungukia katikati ili uvute kwa awamu.

Bomba hili lisichanganywe na nyaya za umeme wa nyumba. Suala la kwanza hapo ni usalama, kelele kwenye picha inafuata. Zinapokwenda sambamba acha nafasi ya sentimita 30 hivi, na pale lazima zikutane zivuke kwa pembe mraba. Kama kebo itapita ndani ya ukuta au dari bila bomba, ganda lake liwe la aina inayoruhusiwa na kanuni za ujenzi za mahali ulipo. Alama kama CL3 au LSZH huchapwa kwenye ganda lenyewe.

Ukiwa hapo hapo, pitisha na Cat6 moja ya ziada hata kama huna kazi nayo leo. Itakufaa kwa intaneti ya projekta, kwa kuiamrisha kutoka mbali, au kama njia ya dharura. Na acha uzi imara wa nailoni ndani ya bomba, ncha zote mbili zikiwa zimefungwa. Siku ya kubadilisha kebo huo uzi utakuokoa.

5. Jaribu kebo sakafuni

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote. Kabla kebo haijagusa bomba:

1. Itandaze sakafuni, unganisha vifaa vilevile vitakavyotumika, kuanzia kisanduku, kupitia ampu (kifaa cha kukuza sauti), hadi projekta.
2. Kwenye projekta fungua mipangilio ya mlango wa HDMI uweke hali ya juu. Watengenezaji huipa majina tofauti kama "Enhanced" au "Expanded". Projekta nyingi hutoka kiwandani zikiwa kwenye hali ya chini, na watu wamerudisha kebo nzima dukani kwa sababu ya mpangilio huu tu.
3. Weka kifaa kitoe mzigo mkubwa kuliko yote utakayotumia, mathalani 4K ya picha 60 yenye HDR. Hakikisha kwenye ukurasa wa taarifa wa projekta kwamba ndicho inachopokea kweli. Vifaa vina tabia ya kushuka kimyakimya.
4. Acha picha icheze angalau nusu saa. Chipu na projekta zikipata joto ndipo kebo dhaifu inapojisema. Chagua picha yenye maeneo meusi makubwa, kwa maana doti nyeupe huonekana humo kwanza.
5. Zima na uwashe mara kadhaa, kisha badilisha chanzo na urudi. Kebo inayoshika picha mara ya kwanza lakini ikashindwa kila baada ya kuwasha upya haijafaulu.

Baadhi ya visanduku vina jaribio la kebo ndani ya menyu ya picha. Litumie, ila lisichukue nafasi ya ile nusu saa.

Ukiridhika, bandika lebo ncha zote mbili: upande, urefu, tarehe.

6. Vuta

Hakikisha tena mwelekeo. Upande wa "Display" unakwenda kwenye projekta, na kugundua kosa baada ya kuvuta kunamaanisha kuvuta mara ya pili.

Funika kichwa kwa kifuniko chake cha plastiki, kisha kizungushie mfuko mwembamba na utepe laini ili ncha iwe kama risasi, isiyo na ukingo wa kukwama. Sasa sehemu muhimu: uzi wa kuvutia usifungwe kwenye kichwa. Ufunge kwenye ganda la kebo, sentimita 20 au 30 nyuma ya kichwa, kwa kuuzungusha mara kadhaa, ukaze, kisha uufunge kwa utepe. Nguvu iende kwenye ganda, kichwa kifuate kikiwa kimelegea. Ukivuta kwa kichwa, nyuzi zinang'oka mahali zilipounganishwa na chipu na nje huoni alama yoyote.

Kazi inataka watu wawili, mmoja akisukuma kebo taratibu huku akiinyoosha, mwingine akivuta kwa mwendo mmoja. Ikikwama, rudisha nyuma kidogo, izungushe, jaribu tena. Usivute kwa kushtua. Kwenye bomba refu tumia mafuta maalumu ya kuvutia nyaya. Mafuta ya kupikia au ya gari hula ganda.

Mpindo usiwe mkali kuliko mara 10 ya unene wa kebo. Kebo ya milimita 5 isipinde kwa duara lenye nusu kipenyo chini ya sentimita 5, yaani duara lenye upana wa sentimita 10. Funga mafungu kwa mikanda ya velkro. Tai za plastiki zikikazwa kwa koleo hubonyeza ganda, na kwenye faiba mbonyeo mmoja unatosha kuharibu.

Funga uzi mpya nyuma ya kebo inapoingia, ili bomba lisibaki bila uzi.

7. Upande wa projekta

Acha mzunguko wa nusu mita uliolegea juu ya projekta, mbali na tundu la kutolea joto. Kebo nene ishikiliwe na nguzo, mlango wa HDMI usibebe uzito. Kama nafasi ya nyuma ni finyu, kebo fupi laini ya kuunganishia inaweza kuulinda mlango, lakini kila kiungio kinapunguza ishara. Kwenye gigabiti 18 na zaidi tunashauri kebo itoke moja kwa moja ndani ya ukuta kupitia sahani yenye tundu, bila soketi ya ukutani.

Kebo yenye mkia wa USB, yaani waya mdogo wa kuipa chipu umeme wa ziada: uchomeke. Milango ya USB ya projekta nyingi inatosha, mradi inapata umeme wakati projekta imewashwa. Kama haitoshi, tumia chaja ndogo ya volti 5.

Sauti ipangwe mapema. Ikiwa vifaa vyote viko kabatini na vinapitia kwenye ampu, kebo moja inatosha. Ikiwa unatumia programu zilizomo ndani ya projekta, sauti italazimika kurudi chini kwa ARC (njia ya HDMI ya kurudisha sauti) kupitia kebo hiyohiyo, na si kila kebo ya faiba inaruhusu. Mara nyingi ni nafuu kuhamishia kisanduku kabatini kuliko kupigana na ARC ya mita 15.

8. Picha ikisumbua

*Doti nyeupe au za rangi zinazometameta, zile wengi wanaita chenga.* Biti zinapotea njiani. Kebo haitoshi kwa mzigo huo au imebonyezwa mahali. Shusha mzigo: zikipotea, umepata mkosaji. Angalizo: kwenye 4K ya picha 60, kubadilisha kutoka RGB (rangi kamili) ya biti 8 kwenda 4:2:2 (rangi iliyopunguzwa taarifa) hakupunguzi kitu, vyote vinatumia 17.8. Kinachopunguza ni 4:2:0, yenye taarifa chache zaidi za rangi, ambayo inashuka hadi 8.9 kwa biti 8 au 11.1 kwa biti 10. Au weka kifaa kifuate kasi ya filamu, picha 24.

*Skrini inakuwa nyeusi sekunde mbili tatu kisha picha inarudi.* Vifaa vimepoteza mawasiliano vikaanza kusalimiana upya. Kwenye kebo zenye chipu, shuku umeme wa volti 5 kwanza, chomeka mkia wa USB. Ikiwa hutokea tu unapobadilisha programu au filamu inapoanza, huenda ni kifaa kinachobadilisha kasi ya picha, jambo la kawaida.

*Hakuna picha kabisa.* Angalia mwelekeo wa kebo. Halafu unganisha kifaa na projekta kwa kebo fupi: ikifanya kazi, tatizo ni kebo ndefu, isipofanya, usiguse bomba. Kisha ondoa ampu katikati ujaribu tena, kwani ampu ya zamani isiyo na HDCP 2.2 (ulinzi wa kuzuia filamu kunakiliwa) huzuia filamu za 4K hata kama kebo ni nzima.

*Picha ya kijani au ya waridi.* Mara nyingi kifaa na projekta havikubaliani kuhusu aina ya rangi. Weka vyote RGB au vyote YCbCr, namna mbili za kutuma rangi. Ikibaki vilevile, huenda mkondo mmoja wa kebo umekufa, na kwa faiba hiyo ina maana ya kufunga uzi wa kuvutia kwenye ncha na kuvuta kebo mpya.